Dawa ya Nywele

Daktari alipoingia kusema kwamba moyo wa mama hauna tatizo, Chanuo alikuwa ameshafika nusu ya kichwa. Alikuwa amepanda juu ya kitanda cha wodi ya dharura, amekaa nyuma ya mama yake, mdomo umejaa vibanio, anamsuka. Watu wengine wakisubiri majibu ya hospitali hutafuna kucha, wengine huzunguka korido mpaka walinzi waanze kuwashuku. Chanuo husuka. Jina lenyewe alipewa na wateja wa saluni yake, kwa kuwa hata akienda benki chanuo limechomekwa kichwani, na lile alilopewa na wazazi limebaki la kwenye vyeti tu.

Mtindo ulikuwa ule wa mistari ya kwenda nyuma unaoitwa twende kilioni, na mama alikuwa ameshalalamika.

"Humu hospitalini unanisuka twende kilioni? Umekosa mwingine?"

"Ndio mwepesi, mama. Na leo hakuna anayekwenda kilioni."

Daktari alikuwa kijana mpole, macho mekundu ya mtu aliyelala vibaya wiki nzima. Akamtazama mama, akamtazama msusi wake, akaamua kutosema lolote kuhusu kitanda.

"Majibu yote mawili ya damu yako safi," alisema. "Tulipima ulipofika, tukarudia baada ya muda ili tujiridhishe. Misuli ya moyo ikiumia huwa inamwaga protini fulani kwenye damu. Kwako, mama, hiyo protini karibu haipo kabisa. Kipimo cha umeme wa moyo nacho hakina cha kutisha. Nadhani ni tumbo. Nitakuandikia dawa ya kiungulia, uende nyumbani ukapumzike."

Chanuo alishusha pumzi ndefu hata kibanio kimoja kikamdondoka mdomoni. Kaka yake mkubwa, fundi wa majokofu ambaye mpaka mama mzazi humwita Fundi, alipiga paja lake kwa furaha.

"Si nilisema? Gesi."

Alikuwa amesema gesi tangu asubuhi. Kwa Fundi kila ugonjwa ni gesi. Ukivunjika mguu atakuuliza ulikula nini. Leo gesi ilikuwa imemheshimisha, na alikuwa tayari anatafuta funguo za gari mfukoni.

Mama alitabasamu kidogo, tabasamu la kuwaridhisha watoto, akasema ahsante mwanangu, Mungu akubariki. Daktari akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Asubuhi ile haikuwa ya kutabasamu hata kidogo. Mama alikuwa ameamka na uzito kifuani, kama mtu aliyewekewa gunia akiwa amelala, na jasho la baridi likimtoka shingoni. Akampigia simu binti yake. Chanuo alikuwa anafungua saluni, ufunguo mkononi, na jibu alilotoa alilitoa bila kufikiri, kama anavyowajibu wateja wake wote.

"Umechoka tu, mama. Meza zile vitamini zako, zidisha leo, unywe na maji mengi. Nakuja sasa hivi."

Na kweli alikuja sasa hivi, hilo tusimnyime. Lakini vitamini ndizo zilizotangulia.

Chanuo alikuwa anaamini vitamini kuliko anavyoamini kufuli la duka lake. Ukutani mwa saluni, kati ya vioo viwili, alikuwa ameandika herufi kubwa kwa rangi ya kucha, na mteja aliyekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele hakuwa na pa kukimbilia, ilibidi asikilize. A ni ya macho na ngozi, ukiikosa jioni unaanza kugongana na meza. C ni ya fizi na vidonda, bila hiyo jeraha linagoma kufunga. D mwili unajitengenezea wenyewe ukipata jua, na ndiyo inayofanya mifupa isiwe laini. K ni ya kugandisha damu ukijikata. Halafu ziko za B, ambazo Chanuo alisema ni nyingi kama ndugu wa mume, kila mmoja na kazi yake na kila mmoja anataka kutambuliwa: huyu anageuza chakula kiwe nguvu, yule anatengeneza damu, mwingine anatunza mishipa ya fahamu. Mengi ya hayo yalikuwa ya kweli. Alikuwa anasoma, hakuwa mtu wa kubahatisha.

Kipenzi chake kati ya hao ndugu wa mume kilikuwa biotini, ile inayosifiwa kwamba inaotesha nywele. Mama yake nywele za mbele zilikuwa zimemtoka, paji la uso likawa linapanda kila mwaka, na mama akawa havui kitambaa hata nyumbani. Chanuo akamletea kopo la vidonge, vikali kuliko vyote alivyovipata dukani. Akaacha pia kumsuka kwa kumvuta pembeni. Nywele zikarudi. Sasa ni vidonge vilivyozirudisha au ni kule kuacha kuvutwa, msusi hakutaka kujua, maana msusi gani atakubali kwamba mkono wake ndio uliokuwa unazing'oa? Sifa zote zikaenda kwenye kopo. Mama akawa anavimeza kwa imani, viwili kila asubuhi, na akavipa jina lake mwenyewe: dawa ya nywele.

Na hapo ndipo palipokuwa na balaa, ndani ya maneno hayo matatu. Mwanamke yeyote aliyewahi kukaa saluni anajua dawa ya nywele ni nini. Ni ile krimu ya kulainishia, ya kwenye kopo la plastiki, inayopakwa kwa kitana na kuoshwa haraka kabla haijababua ngozi. Kwa hiyo nesi alipouliza asubuhi ile, "Mama, kuna dawa yoyote unatumia?" na mama akajibu, "Sina ya presha, sina ya sukari, labda dawa ya nywele tu," nesi alicheka, akasema hiyo tunatumia wote, akaandika kwamba hakuna dawa. Chanuo alikuwa amesimama palepale. Naye akacheka. Kwake yeye vile vidonge havikuwa dawa. Vilikuwa vitamini, chakula kilichogandamizwa. Watu watatu, maneno yaleyale, na hakuna aliyesema uongo.

Nesi huyohuyo ndiye aliyekuja kumwandaa mama kwenda nyumbani. Alikuwa binti mchangamfu, mwenye nywele zilizolainishwa na vidonda viwili vidogo nyuma ya sikio. Alipoanza kubandua plasta iliyoshikilia sindano mkononi mwa mama, macho yake yalikuwa kwenye ile nusu ya kichwa ambayo haijasukwa, imesimama nene na nyeusi.

"Mama, nywele zote hizi kwa umri wako? Niambie hiyo dawa unayotumia ni ipi. Mimi yangu inanibabua."

"Yangu haibabui, mwanangu. Mimi sipaki."

"Hupaki, unafanyaje?"

"Nameza."

Nesi aliacha kubandua. "Unameza nini?"

"Dawa ya nywele. Kila asubuhi. Na leo nilivyojisikia vibaya, huyu binti yangu akaniambia nizidishe."

Chanuo hakusikia vizuri; alikuwa ameinama anatafuta kibanio chake chini ya kitanda. Alichosikia ni treya ya chuma ikigonga sakafu na viatu vya nesi vikikimbia. Kisha sauti yake kutoka kwenye meza ya katikati, ambayo wodi nzima iliisikia: "Dokta, njoo haraka. Mama wa kitanda cha dirishani amekunywa dawa ya nywele."

Daktari alikuja mbio na kurunzi. Nyuma yake nesi mwingine na chombo cha kutapikia. Fundi, aliyekuwa ameshafika mlangoni na funguo, aligeuka uso umempauka.

"Fungua mdomo, mama. Umekunywa kiasi gani? Koo linaunguza? Unaweza kumeza mate?"

"Mama," Fundi alisema kwa sauti iliyokatika, "mama, kwa nini? Si ungetuambia?"

Mama aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa wanachofikiri, na hasira ikampanda.

"Mimi nijiue? Kwa shida gani? Nina watoto wawili wazima, nina nyumba, nina nywele. Niondoleeni hiyo taa."

Chanuo ndiye aliyeokoa jahazi, au hivyo ndivyo alivyodhani. Alijikokota kutoka chini ya kitanda akicheka mpaka machozi, akavuta mkoba wake, akatoa kopo alilolibeba kutoka nyumbani kwa mama. "Siyo ile ya kubabua, dokta. Hii ni ya vidonge. Vitamini. Mama ndiye anayeiita dawa ya nywele."

Basi wakavunjika mbavu wote. Nesi alijifunika uso kwa mikono miwili. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee ambaye hakuwa ameongea tangu alale pale, alicheka hadi akakohoa. Hata mama alikubali kucheka kidogo, mkono ukiwa kifuani. Daktari alipokea kopo, bado mabega yanatikisika, akaligeuza nyuma asome.

Kicheko chake kilikatika katikati.

Alisoma tena, kopo limekaribia pua. Kisha akafanya jambo ambalo madaktari hawalifanyi: akakaa juu ya kitanda cha mgonjwa.

"Mama, umemeza hizi leo?"

"Nimemeza."

"Kabla ya kuja hapa? Kabla hatujakutoa damu?"

"Kabla. Nne."

Daktari alimgeukia nesi. Sauti yake haikupanda, na kwa kutopanda kwake ilimtisha Chanuo kuliko zile kelele zote za kwanza. "Usitoe hiyo sindano. Mrudishie mama waya za moyo. Mpigie simu mkuu wa maabara, mwambie aje yeye mwenyewe."

"Dokta, kuna nini?" Chanuo aliuliza. "Vitamini haina madhara. Ikizidi mwili unaikojoa."

"Najua," daktari alisema, macho bado kwenye kopo.

Mkuu wa maabara alikuwa mwanamume mnene aliyekuja anahema, koti jeupe halifungi tumboni. Alisoma kopo akiwa amesimama. Alipomaliza, alilirudisha kwa daktari taratibu, kwa mikono miwili.

"Tuliwahi kuwaletea tangazo kuhusu hii," alisema.

"Nalikumbuka," daktari alisema. "Sikulikumbuka asubuhi."

"Nielezeni na mimi," Chanuo alisema. "Huyu ni mama yangu."

Mkuu wa maabara alimgeukia. "Dada, unajua gundi? Ile mashine yetu ya kupima protini ya moyo inahitaji gundi ya kuinasa hiyo protini ili iihesabu. Gundi inayotumika ni biotini. Hiihii. Tunaishikiza protini ya moyo kwenye vibandiko vyenye biotini, halafu ndani ya mashine kuna nafasi zinazodaka biotini. Vinavyodakwa ndivyo vinavyohesabiwa, vingine vyote vinaoshwa na kumwagwa. Sasa damu ya mama imejaa biotini ya vidonge. Imewahi nafasi zote. Protini ya moyo hata ingekuwa imejaa tele, haina pa kushika. Inamwagwa na maji. Mashine inasoma kwamba hakuna kitu."

Chanuo alielewa haraka kuliko alivyotaka. Saluni yake ina viti vinne. Wakija watu wa kupiga soga wakavikalia vyote, wateja wa kweli wanachungulia mlangoni na kwenda zao. Jioni akihesabu waliosukwa, atasema leo hakuja mtu. Kumbe walikuja, walijaa mpaka barabarani.

"Kwa hiyo majibu ni ya uongo," alisema.

"Hatujui. Inawezekana mama ni mzima kabisa. Inawezekana siyo. Majibu yale ni kama hatujapima."

"Na kila mtu anayemeza vitamini…"

"Hapana. Vitamini za kwenye chakula haziwezi kufanya hivi, na nyingi za vidonge hazina shida. Mwili unahitaji biotini kidogo mno, punje isiyoonekana, na chakula cha kawaida kinaitosheleza. Kidonge hiki kimoja kina zaidi ya mara mia tatu ya hiyo. Na ulivyosema ni kweli, dada, inakojolewa. Ziko nyingine kama A na D ambazo hubaki mwilini, kwenye ini na kwenye mafuta, zikizidi sana zinageuka sumu. Hii haibaki. Lakini kabla ya kufika kwenye mkojo inapita kwenye damu, na damu ndiyo tuliyopima."

Chumba cha upasuaji kilikuwa na mashine nyingine ndogo, isiyotumia gundi ile. Mkuu wa maabara alichukua damu mpya yeye mwenyewe, hakumwachia mtu, akaondoka nayo mkononi kwa mwendo ambao tumbo lake halikuupenda.

Wakabaki kusubiri. Fundi hakuwa mtu wa kusubiri.

"Mimi sielewi," alisema. "Nusu saa iliyopita mama mzima. Karatasi hii hapa. Sasa tumetoka kwenye gesi tumeingia kwenye gundi. Mama mwenyewe si yuko hapa? Anaongea, anacheka. Mama, si umepata nafuu?"

Mama alikuwa anaitazama ile karatasi ya majibu mkononi mwa Fundi, kwa macho ya mtu anayemwogopa mwenye nyumba.

Chanuo aliona mama anavyoitazama. Alizunguka kitanda, akapiga magoti sakafuni mbele ya mama yake ili aone uso wake. Kwa asubuhi nzima, ndipo alipotambua, alikuwa ameona kisogo tu.

Uso ulikuwa wa rangi ya jivu. Midomo ilikuwa imekauka. Kulikuwa na jasho juu ya mdomo.

"Mama. Kifua kinauma?"

Mama alirudisha mkono kifuani.

"Hakijaacha," alisema.

"Hakijaacha tangu lini?"

"Tangu nyumbani."

Fundi aliishusha karatasi. Nesi, aliyekuwa anabandika waya, alisimamisha mkono.

"Mbona hukusema?" Chanuo aliuliza. "Mama, nimekaa nyuma yako saa zote hizi. Mbona hukusema?"

"Niseme nini, mwanangu? Daktari amekuja, amesema mashine imepima mara mbili haikuona kitu. Ninyi mkafurahi. Mimi nani wa kuikatalia mashine? Nikasema labda ni uzee. Labda najidekeza. Nikasema kama moyo ni mzima, basi haya maumivu siyo ya kweli, nikifika nyumbani nitalala yataisha."

Chanuo aliyashika magoti ya mama yake. Alikumbuka mara mbili au tatu alipokuwa akivuta nywele, mama aligutuka, na yeye akamwambia tulia basi, mbona unakuwa mtoto. Alidhani ni kichwa. Alikuwa amemshika mama yake kwa mikono miwili, hapohapo, huku moyo ukimuuma chini ya mikono hiyo, na alichokuwa anafikiria ni mstari unyooke.

Mkuu wa maabara hakupiga simu. Alirudi mwenyewe, na alipoingia mlangoni Chanuo hakuhitaji kuuliza. Alimpa daktari kipande kidogo cha karatasi. Daktari alikitazama mara moja.

"Iko juu sana," alisema. "Mama, moyo wako unaumia, na umekuwa ukiumia tangu asubuhi. Kuna mshipa umeziba. Tunakupeleka sasa hivi kuuzibua, tutapitisha waya mwembamba mkononi hapa, utakuwa macho. Usiinuke. Usifanye chochote. Sisi ndio tutakubeba."

"Kwa hiyo nilikuwa naumwa," mama alisema.

"Ulikuwa unaumwa."

Na mama, jambo ambalo Chanuo hatalisahau, alionekana kama mtu aliyepata ahueni.

Kitanda kilitoka kwa kasi. Chanuo alikimbia kando yake mpaka kwenye milango miwili ambayo jamaa za wagonjwa hawapiti, na kitu cha mwisho alichoona ni kichwa cha mama yake, upande mmoja umesukwa mistari minyoofu na upande wa pili nywele zimesimama ovyo. Milango ikajifunga. Fundi alisimama karibu naye na funguo za gari bado mkononi. Alikaa chini sakafuni, fundi mzima na mwili wake wote, akaegemea ukuta.

"Nilisema gesi," alisema baadaye.

"Na mimi nilisema azidishe," Chanuo akajibu, na hakuna aliyemfariji mwenzake.

Daktari alipotoka, kofia ya kitambaa ilikuwa bado kichwani. Mshipa ulikuwa umezibuliwa. Mama alikuwa hai, alikuwa anaongea, alikuwa ameuliza kama watoto wamekula. Fundi alianza kumshukuru Mungu kwa sauti. Chanuo alikuwa anamtazama daktari, na aliona kwamba hajamaliza.

"Kuna sehemu ya msuli wa moyo imekufa," alisema. "Siyo ndogo. Hiyo haitarudi. Atachoka haraka, ngazi zitamshinda, atatumia dawa maisha yake yote."

"Imekufa lini?"

"Siwezi kukutajia dakika yenyewe."

"Nyumbani, au hapa?"

Daktari angeweza kukwepa. Mtu mwingine angekwepa, na Chanuo asingejua kamwe.

"Sehemu kubwa, hapa," alisema. "Kwenye kile kitanda. Tungejua alipofika, tungeiokoa." Alivua kofia, akaikunja. "Tulimuuliza anatumia dawa gani. Tungemuuliza anameza nini. Ni swali dogo tu. Nitalibeba mimi, siyo wewe."

Lakini mzigo wa namna hiyo haugawanyiki hivyo, na Chanuo alijua. Aliingia chooni, akafungua kopo, akamwaga vidonge vyote, akavuta maji. Vilielea. Akavuta tena. Alisimama pale amevikasirikia vitu vidogo vyeupe visivyotaka kuzama, hasira ya kipumbavu, kwa sababu havikuwa vimefanya kosa lolote. Vilikuwa vimefanya kile ambacho biotini hufanya. Yeye ndiye aliyevipa kazi nyingine.

Jua lilikuwa bado kali dirishani aliporuhusiwa kuingia. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na mashine moja, kioo chake kikionyesha mstari wa kijani unaopanda na kushuka bila haraka, na mlio mdogo unaoufuata. Mama alikuwa amelalia mito miwili. Alionekana mdogo. Chanuo alivuta kiti, akamshika mkono ule usiokuwa na bandeji.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyekupa."

"Ulinipa kwa nia njema. Na nywele si zimeota?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nimalizie huu upande mwingine kabla watu hawajaja kuniona. Nafanana na mwendawazimu."

Chanuo alicheka na kulia kwa pamoja, jambo linalochafua uso vibaya, na mama akamwachia mpaka amalize. Kisha uso wa mama ukabadilika. Ukawa ule uso wa zamani, wa kumwita mtoto pembeni kabla wageni hawajaingia.

"Nataka nikuulize kitu, na usinijibu kwa haraka. Leo nilikaa na maumivu yangu kimya kwa sababu mashine ilisema sina, nikaona hakuna atakayenisikiliza. Siku mashine ikisema mimi mzima, na mimi nikasema naumwa, utamsikiliza nani?"

Chanuo hakujibu kwa haraka. Alifikiria ule uso wa rangi ya jivu ambao hakuugeuza auone. Alifikiria jinsi alivyoshusha pumzi mara tu daktari aliposema safi, na jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Wewe, mama."

"Hata daktari akiwa amesimama hapo?"

"Hata akiwa amesimama hapo."

"Hata Fundi akisema ni gesi?"

"Mama, nimesema wewe."

Mstari wa kijani ulipanda, ukashuka, ukapanda, umetulia kabisa. Vidole vyake vilikaza kwenye mkono wa binti yake.

"Basi naumwa," alisema. "Kifua kimeanza tena. Sasa hivi."

Chanuo hakugeuka kuitazama mashine. Kiti kilianguka nyuma yake, na kabla hakijatulia sakafuni alikuwa ameshafika mlangoni, anamwita nesi kwa sauti iliyosimamisha korido nzima.